Aliyekaa Kushoto kwa Kimya

Kama ulikuwa kijana pale mjini miaka ile na hukuwahi kujaribu kukaa kama Kimya, basi ulikuwa mgonjwa kitandani. Wengine wote walijaribu. Makarani walijaribu, walimu walijaribu, na yule mkata tiketi wa stesheni aligeuza kiti chake kabisa, abiria wakawa wanazungumza na bega lake.

Kimya alipiga gitaa la solo katika bendi iliyotumbuiza kila Jumapili alasiri, kwenye ukumbi wa nyuma ya stesheni. Mzuri wa sura hakuwa, tusidanganyane. Shati jeupe, suruali iliyonyooshwa kwa pasi, viatu vya kamba, basi. Lakini akishapanda jukwaani alikalia stuli yake ubavuubavu, kama mtu anayemngoja mwenzake achelewaye, akaweka mguu juu ya mguu, akapiga. Hacheki. Hasalimii. Watu wakishangilia mpaka mabati yanatetemeka, yeye macho kwenye nyuzi. Ukimwita hageuki. Ukimwita tena hageuki. Mara ya tatu, pengine, akijisikia. Na vijana wakasema: lo, huyu ndiye mwanamume! Mwenye haiba zake hageuki kwa mwito wa kwanza. Wakaenda nyumbani kuwafanyia mama zao hivyohivyo, na wengine wakala makofi.

Sasa, kushoto kwa Kimya, Jumapili zote za miaka kumi na mmoja, alikaa mpiga gitaa la pili. Siku za kazi alikuwa fundi redio. Karakana yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yake: meza ndefu iliyoungua hapa na pale kwa chuma cha kulehemu, redio zilizofunguliwa matumbo, na amplifaya za nusu ya bendi za mji, maana kwa amplifaya hakuwa na mpinzani. Familia iliishi vyumba vya nyuma, na mlango wa katikati ulikuwa pazia tu.

Mtu huyu kwa kuzaliwa alikuwa msemaji na mcheshi. Mama yake alikuwa akisema mwanangu anaweza kuucheka hata mlango uliofungwa. Mwaka wake wa kwanza kwenye bendi hakunyamaza. Wimbo ukiisha tu, anainama upande wa Kimya: "Leo umewaua, kaka! Umeona yule wa mbele alivyoshika kichwa?" Kimya kimya. "Ile ya mwisho umeitoa wapi, kaka? Nifundishe." Kama kuzungumza na nguzo. Jamani, mtu utasema na nguzo mpaka lini? Fundi akaingiwa na haya. Akajiambia, huyu mwenzangu ananiona mimi domo kaya, mtu wa papara, sina thamani ya jibu. Usiku hakulala vizuri kwa jambo hilo. Asubuhi akaamua kujifunza.

Na akajifunza, maskini, kama alivyojifunza ufundi: kwa bidii. Alijitazama kiooni akimeza kicheko. Mtu akimwita, alihesabu kimoyomoyo, moja, mbili, tatu, mpaka saba, ndipo ageuke, tena ageuke polepole. Akiulizwa jambo la maneno kumi, alijibu kwa moja. Mwaka haukuisha, mji ukambandika jina: Nusu Kimya. Baadaye wakaona refu, wakabakisha Nusu. Mwingine angekasirika kuitwa nusu ya mtu. Yeye kichwa kilimvimba, akaagiza shati jeupe la pili.

Mkewe ndiye hakuvutiwa. "Hapa hakuna jukwaa," alimwambia siku moja, baada ya kumwita mara tatu aje kula. "Mimi niliolewa na fundi redio, sikuolewa na sanamu." Nusu akahesabu saba, akaja, akala bila neno. Wahenga hawakuwa na adabu lakini walikuwa na akili waliposema ukimwiga tembo kunya utapasuka msamba. Ila Nusu alipasuka ndani kwa ndani, taratibu, na mwenyewe akadhani anapendeza.

Walikuwa na mtoto mmoja, msichana, na kwa kuwa domo lilitoka kwa baba, nyumba nzima ilimwita Chiriku. Chiriku aliongea na kuku wa jirani, akaongea na redio zilizokufa, akaimba akiosha vyombo, akaimba akisukwa nywele na kulia papo hapo. Baba alimpenda mtoto huyo kuliko gitaa. Nasema hivi mapema asije mtu akadhani hakumpenda.

Siku moja ya mvua, Chiriku ana miaka kumi na minne, aliingia karakana akasimama nyuma ya baba yake. Hakusema hodi. "Baba," akasema, "nimetunga wimbo." Nusu alikuwa ameinamia amplifaya, chuma cha kulehemu mkononi. Hakugeuka. Mtoto alimjua baba yake, akaanza tu:

Mvua, njoo polepole,
nguo za mama bado mbichi.
Ukifika mlangoni
bisha kwanza, usiingie.

Wimbo wa kitoto, utasema. Lakini Nusu alikuwa mwanamuziki, na alisikia kilichotokea pale kwenye "mbichi": sauti ilishuka mahali ambapo hakuna mpigaji wa mji ule ambaye angethubutu kuishusha, ikakaa pale chini, ikapanda yenyewe. Vinyweleo vya mikono yake vilisimama. Aliacha kulehemu. Alitaka kuruka, alitaka kumbeba mtoto ampeleke ukumbini na mvua ile ile, awaambie, sikilizeni, mbwa nyinyi, sikilizeni damu yangu! Na mazoea yakamshika shati. Akahesabu. Moja. Mbili. Alipofika saba akageuka taratibu, kama afanyavyo mwenye haiba, na nyuma yake palikuwa na pazia linalocheza.

Akajiambia nitamwambia jioni. Jioni akaona mtu mzima kumkimbilia mtoto na sifa, haipendezi. Kesho ikawa na kesho yake. Wiki ikapita, na sifa nayo huchacha, ukiiweka sana unaona haya kuitoa.

Chiriku hakununa, wala hakulia. Alinyamaza tu, kidogo kidogo, kama redio inayoishiwa betri. Mwaka uliofuata vyombo vilioshwa kimya, na jina la Chiriku likawafia mdomoni bila mtu kuamua. Mke akamuuliza Nusu, "Umemfanya nini mtoto?"

"Sijamfanya kitu," alijibu. Na hakuwa mwongo.

Ila wimbo aliushika. Hilo hakumwambia mtu. Kila amplifaya iliyopona mezani pake aliijaribu kwa gitaa, na alichojaribia ni wimbo ule, bila maneno, kwa sauti ya chini. Miaka ishirini na sita. Bendi ilivunjika, ukumbi ukawa ghala la saruji, binti akaolewa mtaa wa tatu akafungua duka la kuchapa na kutoa kopi, na hakuna amplifaya iliyotoka karakana ile bila kusikia kwamba nguo za mama bado mbichi.

Kimya alikufa mwaka huu. Baada ya mazishi, dada yake mkubwa alimwita Nusu aje aitazame amplifaya ya marehemu kama inafaa kupewa wajukuu. Alikwenda mchana, akaifungua sebuleni. Vumbi tu, na waya mmoja uliokatika. Dada mtu alikuwa amekaa kwenye kochi, anakunja mashati meupe.

"Marehemu alikuwa mtu wa aina yake," Nusu alisema, kwa heshima ya mahali. "Mji mzima tulitaka kuwa yeye. Ule utulivu. Hageuki ng'o."

Mama yule akamtazama kidogo, kisha akaanza kucheka, kicheko cha mfiwa kinachokaribiana na kilio. "Ageukeje, mdogo wangu? Kaka yangu sikio la kushoto lilikuwa limekufa. Homa ya utotoni. Alikaa ubavu ili sikio zima limwelekee mpiga ngoma, asipotee."

Nusu aliweka bisibisi chini. "La kushoto?"

"La kushoto. Hata bunduki usingemshtua."

"Mimi nilikaa kushoto kwake miaka kumi na mmoja."

"Najua. Alikutaja sana hapa. Alisema, yule ndugu wa gitaa la pili mwanzoni midomo ilikuwa inamcheza, ananiambia kitu kila wimbo, mimi sisikii hata neno, naona haya kumuuliza. Halafu ghafla akanyamaza. Nafikiri nimemkosea. Mpaka anazeeka alikuwa anauliza, nilimkosea nini yule?"

"Mbona hakusema?" Nusu aliuliza, na sauti yake ilimtoka kubwa. "Mbona hakutuambia tu?"

"Alitaka. Lakini vijana walikuwa wameshaanza kukaa ubavu. Utawaambia nini watu wameshageuza viti?" Akapangusa macho kwa mkono wa shati la marehemu. "Na kule jukwaani alikuwa anaogopa, ndiyo maana hakucheka. Humu ndani ungemweza? Alicheza na watoto mpaka majirani wakagonga ukuta. Mtoto akichora paka mwenye miguu sita, yeye anaibeba karatasi mlango kwa mlango."

Nusu aliunga ule waya. Akaiwasha amplifaya, ikavuma vizuri. Hakuijaribu kwa wimbo. Aliaga, na pale njiani akaanza kwenda mbio, mzee wa miaka sitini na saba, shati limemtoka kwenye suruali. Alifanya hesabu aliyoiogopa: kwamba heshima yote ile, majibu yote ya neno moja, mke aliyeita mara tatu, mtoto aliyesimama nyuma yake na mvua, vyote alivitoa sadaka kwa sikio bovu la mtu mwingine. Na mwenye sikio alikuwa kwake akibeba paka wa miguu sita. Mwenzangu, kuna majuto ya kulia na kuna majuto ya kukimbia. Aliona labda akikimbia ataliwahi neno moja.

Duka la binti yake lilikuwa na mashine mbili, moja inafanya kazi na nyingine imefunikwa kitambaa. Wateja walimsifu sana kwa utulivu wake: dada yule hababaiki, hata foleni ifike barabarani. Alikuwa na miaka arobaini sasa, miwani imening'inia shingoni.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

"Mama hajambo?"

"Hajambo."

"Umeleta karatasi?" Hakuwahi kuja pale kwa jambo jingine.

"Sina karatasi. Nimekuja tu." Alikuwa anahema. Binti akamvutia kiti, akamtazama kwa wasiwasi, akauliza kama anaumwa. Nusu alikataa kukaa. Njiani alikuwa ameyapanga maneno, yote mazuri, na sasa hakulipata hata moja, kwa sababu ulimi nao ukiuacha miaka thelathini na kitu unasahau kazi. Basi akafanya alichoweza. Alishika ukingo wa meza ya kaunta, akaimba. Sauti yake ilikuwa mbaya, ya kukwaruza. Lakini kila noti aliiweka mahali pake, na pale kwenye "mbichi" aliishusha, akaiacha ikae chini, akaipandisha, kama alivyofundishwa na msichana wa miaka kumi na minne.

Binti alisikiliza mpaka mwisho, mikono juu ya rundo la karatasi.

"Mzuri," akasema. "Wa nani?"

"Wako."

"Wangu mimi?"

"Ulikuja karakana, mvua inanyesha. Ulisimama nyuma yangu. Mwanangu, katika nyimbo zote tulizopiga pale ukumbini, na tulipiga nyingi, hakuna hata mmoja uliofika hapo. Vinyweleo vilinisimama. Nimeupiga kila siku tangu siku ile."

Alimtafuta usoni. Binti alikuwa anajaribu, hilo aliliona. Alikunja paji la uso, akatazama dari, akajaribu kwa moyo wote kumkumbukia baba yake. Kisha akatikisa kichwa kwa upole.

"Utakuwa umenichanganya na mtu, baba. Mimi sijui kuimba."

"Nani kakwambia hujui?"

Akafikiri. Hakutaka kumuumiza, na alikuwa mtu mkweli.

"Wewe."

"Mimi?" Nusu alipiga kaunta kwa kiganja, mashine ikatingishika. "Haki ya Mungu, sijawahi kusema neno hilo! Sijawahi kusema hivyo hata siku moja!"

"Ndiyo, baba," binti yake alisema, akamshika ule mkono. "Hukusema kitu."