Kutu ya Jeddah

Kwa miaka minne Absalom Ligami alitunza vyuma vya klabu moja ya kulenga shabaha huko Riyadh, na katika miaka hiyo yote kutu aliisikia tu. Kazi yake ilikuwa kwenye chumba cha nyuma, ambamo wanachama wenye kibali hujaza upya maganda ya risasi walizokwisha kupiga. Kuna mashine yenye mkono mrefu wa kuvuta, na kuna kalibu, vyuma vya mviringo visivyozidi dole gumba kwa ukubwa, vinavyolibana ganda lililotanuka mpaka lirudie umbo lake. Baruti hakuruhusiwa kuigusa, wala hakuitaka. Yeye alikuwa mtu wa vyuma. Kabla ya kuja Saudia alikuwa amekereza vyuma Kariobangi, Nairobi, miaka sita, tangu atoke kwao Vihiga. Na Riyadh ni kavu hadi midomo inapasuka. Ukiifuta kalibu leo, mwezi ujao utaikuta inang'aa vilevile.

Kisha mwenye klabu, Abu Rakan, akafungua tawi Jeddah, kando ya bahari. Absalom akatumwa huko na masanduku yake mawili ya kalibu.

Wiki ya tatu akaitwa kwa sauti iliyosikika hadi kwenye maegesho.

"Absalom! Hii nini?"

Abu Rakan alikuwa ameinua kalibu moja mbele ya taa. Ilikuwa na madoa ya rangi ya chai ya maziwa.

"Ni kutu, bosi."

"Naona ni kutu! Riyadh mafi kutu, hakuna. Hapa kutu. Umeziosha kwa maji?"

"Siwezi kuosha chuma kwa maji, bosi."

"Basi umelala. Wewe fundi gani?"

Mtu mzima wa miaka arobaini na mmoja, anaulizwa yeye ni fundi gani kwa ajili ya hewa ya bahari! Absalom alizifungua kalibu zote, kipande kimoja kimoja, akazisugua kwa sufi laini ya chuma iliyolowa mafuta, taratibu asije akazikwaruza kwa ndani, akazifuta, akazipaka mafuta tena. Ilimchukua siku mbili. Alipomaliza mgongo ulikuwa umekakamaa.

Siku ya tatu mwanachama mmoja akaja analalamika. Kalibu zimejaa mafuta, na mafuta yakiingia ndani ya ganda yanaharibu baruti. Absalom akazifuta mafuta. Siku ya tano zikaota kutu.

"Hii kazi itanitia wazimu," alimwambia Noah, dereva wa klabu, Mkamba wa Machakos aliyekuwa na jibu la kila kitu.

"Siki, ndugu yangu. Loweka kwa siki, kutu yote inatoka."

"Najua siki hutoa kutu. Lakini inakula na chuma pia."

"Mama yangu alisafisha panga kwa siki miaka ishirini!"

Kwa kuchoka, na kwa kuwa Noah hakunyamaza, Absalom akatia kalibu moja kwenye siki, aitoe baada ya nusu saa. Kabla nusu saa haijaisha Abu Rakan akamtuma bandarini kupokea meza za mkahawa wa klabu. Aliporudi jioni kutu ilikuwa imetoka kweli. Lakini kalibu ilikuwa imefifia, kijivu kama jivu, na ukipitisha ukucha ndani unasikia inakwaruza. Haikufaa tena. Noah akaitazama, akasema pengine siki ya Saudia ni kali.

Aliyemsaidia ni Lorine, mfanya usafi kutoka Kitale. Alimkuta ameinama juu ya meza, akasimama na kitambaa chake mkononi.

"Kaka Absalom, hivi vyuma vyako vina tofauti gani na vioo vyangu? Kila alasiri mkifungua mlango wa nyuma, vioo vya humu ndani vinatoa jasho. Nafuta, vinatoka jasho tena."

Absalom akauweka mkono kwenye mashine. Ilikuwa baridi kama chupa ya soda, kwa sababu kiyoyozi kilinguruma kutwa. Na kila alasiri, kwa amri ya Abu Rakan mwenyewe, mlango uliachwa wazi ili harufu ya mafuta itoke, hewa nzito ya Jeddah ikaingia na kugeuka umande juu ya chuma. Alijiona mjinga. Fundi mzima!

Mlango akaufunga. Kalibu akazitia kwenye makopo ya plastiki yenye mfuniko wa kubana, pamoja na vile vipakiti vidogo vya kufyonza unyevu ambavyo Lorine alimwombea kwa watu wa duka la viatu la jirani. Wiki mbili zikapita, kalibu safi. Ila mkono wa mashine, na kalibu tatu zilizowekwa juu ya meza ili wageni wazione, viliendelea kushika kutu.

Safari hii hakusugua kwanza. Alichukua tochi akaangalia. Kutu ilikuwa na mistari myembamba iliyozunguka. Ilikuwa alama ya kidole, na katikati yake ulipita mfereji mnyoofu wa kovu.

Abu Rakan alikuwa na kovu kwenye dole gumba. Na kila alipoleta wageni aliwashikisha kalibu, akazishika mwenyewe, mikono ikimtoka jasho, akazirudisha mezani.

"Tena kutu!" bosi alifoka alipoingia. "Mara ngapi nitasema?"

"Bosi, tafadhali weka kidole chako hapa."

Abu Rakan akamtazama kama mtu aliyetukanwa. Kisha akaweka. Akatoa kidole, akaangalia chuma, akaangalia kidole. Noah, aliyekuwa mlangoni, akakumbuka ghafla kwamba gari linamngoja.

"Ni jasho, bosi. Lina chumvi. Si wewe tu, ni mtu yeyote."

"Halas, basi," alisema Abu Rakan, akatoka.

Kesho yake likaletwa boksi la glavu na tangazo la Kiarabu: kila anayegusa vyuma avae. Alhamisi bosi akaja na wageni watano. Akawaeleza kwa kirefu habari ya jasho na chumvi, jinsi alivyoigundua, na umuhimu wa glavu. Muda wote huo alikuwa akiizungusha kalibu kwa mkono mtupu.

Lorine akamsogelea Absalom. "Si umwambie?"

"Nilishamwambia. Nipe hicho kitambaa."