Mashine Iliyolazwa Chali

Adelino Borba, Mungu amrehemu, alizaliwa katika ukoo wa wakamuaji. Baba yake alitoka visiwa vya Azori akaingia mji wa San Jose, ng'ambo ya bahari, na ujuzi mmoja, wa ng'ombe, na wanawe wakaurithi, isipokuwa Adelino, aliyewaogopa ng'ombe tangu utotoni wala hakuona haya kulikiri jambo hilo. Yeye alijaliwa mikono ya nyaya. Akaishi kwa kutengeneza masanduku ya muziki katika mabaa ya Wareno wenzake.

Mwaka 1973, michezo ya televisheni ya kutia sarafu ilipoanza kuzagaa katika bonde la mji huo, aliunda wa kwake: kabati refu kama la nguo, lenye kioo, vifundo viwili vya kuzungusha, na nukta ya mwanga iliyorushwa huku na huku kama mpira wa meza. Akiba yote ya nyumba iliingia humo.

"Mashine hii ikikataliwa, Jumatatu uko zizini kwa kaka yako Belmiro," mkewe Odília alimwambia. "Nimeshazungumza naye."

Dona Eduína Toste, mjane mwenye baa, alikubali kuiweka hadi Jumapili ya sikukuu ya Roho Mtakatifu, isizidi hapo. Wiki ikapita, mashine imesimama ukutani, yawaka, na wazee waipita kwenda kwenye karata zao za bisca.

Jumamosi Adelino akawasihi. "Mjomba Firmino, jaribuni basi, wewe na mjomba Gaudêncio. Mara moja tu."

"Nisimame bega kwa bega na mwizi huyu wa karata?" Firmino akacheka. "Mwizi anakaa mbele yako, umwone macho!"

"Macho yenyewe unayo wapi?" Gaudêncio akamjibu. "Hayo si miwani tu?"

Baa nzima ikaangua kicheko. Adelino akang'amua kosa lake. Alikuwa ameiunda mashine kwa watu wasimamao, hali watu wake tangu mababu walishindana wakiwa wameketi, uso kwa uso, glasi kati yao.

"Dona Eduína, nishikie hapa."

"Unaivunja, mwanangu?"

"Nailaza."

Wakailaza chali juu ya makreti ya bia. Akang'oa vifundo, akarefusha nyaya, akaweka kimoja kila upande wa kioo, kisha akavuta viti viwili. Wazee wakaketi, kwa uchovu zaidi kuliko kwa hamu, na kila mmoja akauona mpira ukimjia kifuani.

"Umenipepesea jicho, nikakosa!" Firmino akalalamika.

"Nikupepesee wewe, kwani u mchumba? Tia sarafu, mzee, usikimbie."

Gaudêncio akatua glasi yake ya divai juu ya ubao, asiitazame tena mpaka ikapata joto.

Kesho yake, baada ya maandamano na supu ya sikukuu, Odília alikuta watu wamesongamana mlangoni, mikate mikononi, wakigombea zamu. Kitini alikuwa Belmiro mwenyewe, mwenye zizi, jasho likimtoka.

"Shemeji," akasema bila kuinua macho, "kesho huyu mumeo anakuja kukamua, au vipi?"

Dona Eduína alikuwa ameshauliza iwapo mashine ya pili itapatikana, na dada yake mwenye baa kule Santa Clara naye ataka yake. Odília akamtazama mumewe, aliyekuwa amepiga magoti chini ya kabati akikaza waya.

"Haji," akasema. "Ana meza za kuunda."