Jino Langu na Mtani wa Babu

Mwanangu, ipo asubuhi moja ya utoto wangu kule kijijini Kwihara ninayoikumbuka kila ninapopiga mswaki. Niliamka shavu limevimba hata jicho halifunguki vizuri. Siku kadhaa nilikuwa sili ila uji, na shuleni siendi. Babu, aliyekuwa mwalimu wa dini kanisani kwetu, aliniombea, kisha akanipakia kwenye baiskeli hadi hospitali ya mjini. Kwake yeye sala na baiskeli vilikwenda pamoja, namshukuru Mungu.

Kwenye dirisha la mapokezi tukaambiwa siku ile ni ya watoto wa shule za mjini. Walikuwa wamejaa kwenye mabenchi na mwalimu wao, wengi hawaumwi chochote, wanakaguliwa tu. Sisi wa vijijini hakuna aliyetupangia siku.

Babu hakugomba. Alikaa akinibembeleza. Mara daktari wa meno akatoka, akasikia lafudhi yake.

"Shikamoo, mzee. Mnyamwezi wewe?"

"Marahaba. Tena hasa. Na wewe je?"

"Mzaramo! Leo umejileta mwenyewe!"

Wazaramo ni watani wetu tangu babu zetu walipokuwa wakipita kwao na misafara. Daktari akaniinua kidevu. "Wazee wako walibeba pembe za ndovu kutoka hapa hadi kwetu pwani, wewe jino moja tu limekushinda?"

Nikacheka huku nalia. Punde nikawa kwenye kiti chake, na jino likatoka.

Tukiwa njiani nikasema, "Babu, bahati yetu tumekutana na mtani."

Akasimamisha baiskeli. "Na Kabula je?" Kabula alikuwa mtoto wa jirani, naye akilia kwa jino usiku kucha. "Akija yeye akamkuta daktari asiye mtani, arudi na maumivu yake?"

Akageuza baiskeli, tukarudi. Daktari alipomsikia akiomba watoto wa Kwihara nao wapangiwe siku, akashika kichwa. "Jamani Mnyamwezi huyu! Nimemtolea jino, sasa anataka na taya!"

Lakini Jumamosi alikuja Kwihara na vifaa vyake. Tulipanga foleni darasani, Kabula wa kwanza.

Wewe, mwanangu, unakaa mjini Isevya, na mama yako hukupeleka kukaguliwa hata kabla hujaumwa. Shukuru sana. Ila darasani kwenu wapo wanaotoka mbali, wanaoshika shavu na kunyamaza, maana kwao jino likiuma linavumiliwa. Subira nimefundishwa kanisani na naipenda, lakini kumwacha mtoto avumilie maumivu yenye tiba si ibada. Usimcheke mwenzako kwa harufu ya kinywa. Mwambie mwalimu. Mwalimu akisahau, mwambie mama. Mama akichoka, njoo kwangu. Baiskeli ya babu bado ninayo.

Mungu akulinde. Akuachie meno ya kutafunia karanga mpaka uzeeni, na kila utafunapo akukumbushe kumuulizia Kabula wako.