Kuni za Keziah Thurlow

Wanaume wa Dunmore Hollow hawakumpenda Keziah Thurlow, naye hakujisumbua kuwapa sababu ya kumpenda. Alikuwa mjane mfupi mwenye ulimi mkali, mzaliwa wa mlimani, na kazi yake ilikuwa kuwasha jiko la chuma lililopasha moto ukumbi wa mji. Huko kwetu Vermont, Marekani, mwanamke hakuwa na kura. Hata hivyo, kwa miaka ishirini na miwili Keziah hakukosa mkutano wa mji wa kila Machi. Alikaa juu ya rundo la kuni akiwasahihisha wasemaji.

"Bi Keziah, chochea moto, siasa tuachie sisi," mwenyekiti, Lemuel Haskins, alizoea kumwambia.

"Nachochea vyote viwili, Mzee Lemuel."

Mwaka 1871 Haskins alileta hoja ya kufunga shule ya mlimani, ili watoto wa huko washuke maili nne kwenye theluji hadi shule ya mjini. Kabla shule hiyo haijajengwa, Alvah, mwana wa Keziah, alipoteza vidole vitatu vya mguu kwa baridi ya njia hiyohiyo. Sasa binti zake Alvah walisoma pale. Keziah alipita nyumba kwa nyumba kuwasihi watu. Wengi walimfungia mlango; mmoja alimfungulia mbwa amfukuze.

Kwetu kura ngumu hupigwa kwa miguu. Wanaokubali husimama upande wa jiko, wanaokataa upande wa madirisha, nami, karani wa mji, nahesabu. Mwezi Machi madirisha yale hushika barafu kwa ndani. Wazee hawabanduki penye jiko hata hoja iwe ya kuwanyonga wao wenyewe. Haskins alilijua hilo, na hoja zake zote alizipanga ili alichotaka yeye kiwe upande wa jiko.

Siku hiyo Keziah alileta kuni kavu za mwaka juzi, akazishindilia ndani ya jiko tangu asubuhi. Haskins alipotaka watu wagawanyike, chuma kilikuwa chekundu mpaka kwenye bomba. Waliosimama pale wakavua makoti, kisha wakaanza kurudi nyuma.

"Punguza moto, mchawi we!" mmoja wao akapiga kelele.

"Si mmeniambia nichochee?"

Gideon Pratt, rafiki mkubwa wa Haskins, alinusa ndevu zake zikiungua. "Lemuel, shule na ibaki! Mimi sikuja hapa kuiva!" Akavuka kwenda madirishani, na kumi na mmoja wakamfuata.

Nilihesabu thelathini na wanane penye jiko, arobaini na watatu madirishani. Hoja ikaanguka.

"Umeiba kura!" Haskins alifoka.

"Ningekuwa na ya kwangu, nisingehitaji kuni."

Walimzomea hadi nje, na bonge la theluji likampata mgongoni. Wiki hiyohiyo walikutana wakamnyang'anya kazi na ufunguo wa ukumbi. Mimi pia niliinua mkono.

Jumatatu iliyofuata tulikutana tena, tukakaa ukumbini na makoti yetu, kwa kuwa hakuna aliyekubali kazi ya kuwasha jiko. Bila mngurumo wa jiko, kengele ya shule ya mlimani ilisikika vizuri sana.