Dohani ya Mama Ketsia

Mtu akimpigia simu Léonie Wilondja na kumuuliza dohani ya jiko la kuni ifagiliwe mara ngapi, hujibiwa kwa maswali. Unachoma kuni gani? Zilikatwa lini? Ukienda kulala, jiko unaliachaje? Wateja wengine hukasirika. Wanataka kuambiwa mara moja kwa mwaka, kabla ya baridi, kama ilivyoandikwa kwenye karatasi, kisha wakate simu waendelee na mambo yao. Léonie hana jibu la namna hiyo, na akibanwa sana hukata simu yeye kwanza.

Mimi ni jirani yake hapa Ingleburn, kitongoji cha Sydney. Naitwa Mize, mtu wa Tanga, kazi yangu kuwaogesha wazee wa watu. Nimemjua Léonie miaka saba na sijaona siku aliyomeza neno. Ni mfupi, mwembamba, hamsini ameshaiacha nyuma, na paani hutembea kama mimi ninavyotembea jikoni kwangu. Wanaume wa kwao, Wakongo wa Fizi, walipomuona mara ya kwanza na zile brashi zake ndefu walicheka mpaka wakachoka. Aliwaacha wacheke. Halafu akawauliza nani kati yao anajua kilichomo ndani ya dohani yake mwenyewe.

Kazi hii hakuisomea. Alikuwa akifunga maboksi kwenye ghala, na katika mwaka wake wa pili nchini nyumba aliyopanga ikaungua. Mzee wa Kizungu aliyeletwa kukagua dohani aliulizwa maswali mengi na mama huyu aliyesimama kwenye majivu, hata akamwambia aje Jumatatu amshikie ngazi. Mzee alipostaafu, brashi zikabaki kwa Léonie. Hilo alinieleza. Ile nyumba iliunguaje, hakunieleza, na mimi sikumchokonoa.

Kwangu alianza na viatu. Nilipohamia, jiko la kuni la sebuleni nililigeuza kabati la viatu, maana sisi wa pwani baridi tuliikuta ukubwani. Léonie akavitoa vyote mpaka kibarazani, akapanda juu, akashusha kiota kizima cha ndege. Nikamwambia jiko lenyewe silitumii. Akanijibu kwamba siku baridi ikinishika nitaliwasha bila kumuuliza mtu, na moshi wote utanirudia mimi.

Sasa nalitumia. Nachoma kuni kavu, chache, moto mkali wa saa mbili tatu jioni, basi. Kila Machi anakuja na kupata masizi ya kujaza kikombe. "Weye mara moja kwa mwaka inakutosha," huniambia, kana kwamba ananitukana. Kisha hutoa mfukoni sarafu ya dola mbili na kuisimamisha kwa ukingo wake mezani. Masizi yakifika unene wa sarafu ile, anasema, unafagia, hata kama ulifagia mwezi uliopita.

Nyumba ya tatu kutoka kwangu anakaa Clarisse, ambaye sote tunamwita Mama Ketsia, na mumewe Balthazar, anayeendesha mashine ya kuinulia mizigo na kuongoza kikundi cha maombi. Kila Jumamosi saa nne asubuhi watu wapatao thelathini hujazana sebuleni mwao. Léonie alikuwa nao tangu siku ya kwanza, na kiti chake kilijulikana, pale pembeni ya jiko. Watoto wake wako Perth, mumewe alizikwa kambini. Wale watu wa Jumamosi ndio ukoo alionao Sydney.

Majira haya ya baridi Mama Ketsia alinialika chai. Akanionyesha jiko lake kwa fahari, kama mtu anayeonyesha mjukuu.

"Tangu mwezi wa tano, voisine, allumette moja tu."

Moto aliouwasha Mei kwa njiti moja ya kiberiti ulikuwa haujazimika. Kila usiku aliyafunika makaa kwa majivu, akaweka gogo kubwa juu yake na kufunga tundu la hewa kabisa. Asubuhi hufungua, huchokoa, na moto unaamka. Kwao Fizi, akanieleza, mwanamke aliyezimikiwa na moto huenda kwa jirani, yule wanayemwita voisine, kuomba kaa, na jirani humtazama juu mpaka chini. Nikamsifu. Mimi nami nilijua nini?

Jioni ile nikampelekea Léonie habari kama umbea mtamu. Akaweka kikombe chini.

"Anafunga hewa yote?"

"Yote."

"Na kuni?"

Kuni alizileta Balthazar: magogo ya mkalitusi yaliyokatwa juzi, yanatoa povu motoni, na mbao za ghalani zenye rangi. Léonie alitoka nje bila koti, akasimama barabarani, akautazama moshi wa nyumba ile. Ulikuwa wa kahawia, mzito, unaanguka juu ya paa badala ya kupanda. Dohani hiyo alikuwa ameifagia yeye mwenyewe mwezi wa nne, na hii ilikuwa Julai.

"Kesho ni maombi," alisema. "Batu thelathini."

Jumamosi saa moja asubuhi alibisha mlango wao, ngazi begani, nami nyuma yake, maana nilijiona nina lawama kwa zile sifa zangu. Balthazar alitufungulia akiwa na Biblia mkononi. Aliposikia shida yetu akaonyesha karatasi ya ufagiaji iliyobandikwa kwenye friji.

"Mama Léonie, ulifagia mwezi wa ine. Papier yako ile pale. Mara moja kwa mwaka, imeandikwa."

"Papier haioni mu tuyau, Papa Balthazar," Léonie alisema, akinyosha kidole kwenye bomba la dohani.

"Saa ine batu banakuja. Fanya yako maombi yakiisha."

"Hapana. Hakuna mutu atakaa chini ya hii paa mpaka niangalie juu."

Balthazar alipandisha mori. Alimwambia kwamba ndani ya nyumba yake hapewi amri na mtu, na kwa mambo ya moto na kuni ndiyo kabisa. Léonie alikuwa ameshapiga magoti mbele ya jiko. Hapo Balthazar akasema neno zito, polepole, ili sote tusikie.

"Ukitoa moto mu nyumba yangu, usirudie tena hapa kwa maombi."

Niliona kisogo cha Léonie tu. Kisha akageuka, na hakumtazama Balthazar. Alimtazama Mama Ketsia, aliyekuwa amesimama kwenye mlango wa chumba cha kupikia na machozi yamemlenga.

"Nyumba yangu ya kwanza hapa, miye njo niliichoma," alisema. "Nilifunika moto kila usiku. Nilifunga hewa. Nilijisifu sawasawa na weye, Mama Ketsia, allumette moja. Na papier yangu ilikuwa safi, ya mwezi wa tatu. Mwezi wa munane nikasikia tuyau inanguruma kama train ya mizigo. Ule moshi wa kubanwa unageuka goudron, lami, unakamata mu tuyau, unangoja siku yake. Papier ilikuwa mu tiroir ya meza, haikuungua. Plafond, dari yote, njo iliungua, na vitanda vya batoto wangu, na Mungu alisaidia hawakukuwa ndani."

Miaka saba nilikuwa sijalisikia hilo.

"Lakini moto wangu ukikufa," Mama Ketsia akasema kwa sauti ndogo, "batu batasema nini?"

"Nani alikuambia utakufa? Voisine ni wa nini?"

Léonie akavuta ndoo yake ya chuma, akayachota makaa yote mekundu kwa koleo, akafunika kwa mfuniko. Kisha akanigeukia mimi. "Mize, enda fungua jiko lako."

Basi tulitoka, wanawake watatu, ndoo ya moto katikati, asubuhi na umande, barabara nzima ya Ingleburn ikitutazama. Mzungu mmoja na mbwa wake walivuka upande wa pili. Ketsia mwenyewe, binti yao, alichungulia dirishani akafunga pazia kwa aibu. Nilitamani kucheka na kulia kwa pamoja. Tuliyamwaga makaa kwenye jiko langu, nikaongeza kuni zangu kavu, na moto wa Mama Ketsia ukakaa kwangu kama mgeni.

Jiko lao lilipopoa, Léonie alipanda. Watu wa maombi walifika saa nne wakamkuta juu ya paa na brashi, wakaambiwa na Balthazar kwamba leo wataomba nje kwenye majani, na kwa sababu ya nani. Waliimba wakitetemeka kwa baridi na kumkata jicho. Aliendelea kusukuma brashi. Hakupunguza kelele hata walipofumba macho.

Kilichoshuka hakikuwa masizi ya kikombe. Kilikuwa vigamba vyeusi vinavyong'aa kama lami, ndoo nzima na nusu ya pili. Alichukua kigamba kimoja, akakiweka kwenye ukingo wa dirisha, na pembeni yake akasimamisha ile sarafu. Kigamba kiliipita. Balthazar alikitazama kwa muda mrefu. Ni mtu wa haki, hilo namkubalia, lakini kichwa chake kigumu.

"Bon," alisema. "Sasa ni safi. Mpaka mwaka kesho."

"Wiki sita," Léonie akajibu. "Mukileta kuni kavu na mukiacha kufunga hewa, tutaongea ingine. Kwa sasa, wiki sita."

"Mwaka. Na neno langu la asubuhi liko pale pale."

Jioni Mama Ketsia alikuja kwangu na ndoo kuchukua moto wake. Léonie hakurudi katika nyumba ile.

Jumamosi zilizofuata alikaa jikoni kwangu, saa nne kamili, akaimba nyimbo zake peke yake huku akimenya viazi vyangu. Adhuhuri mimi huingia chumbani kusali, naye hushusha sauti kidogo, si sana. Watu wa kikundi walipopita dirishani aliacha kuimba mpaka wamepita. Nilimhurumia, jamani. Nilimkasirikia Balthazar mpaka salamu yake nikawa naijibu nusu. Siku moja nikamwambia Léonie aende akaombe radhi yaishe.

"Radhi ya nini? Ya kukuta lami?"

"Ya kuwaombesha watu nje kwenye baridi."

"Waliomba nje, walirudia kwao bazima. Ningefanya tena, Mize. Hata leo. Hata kama ni peke yangu mpaka nizikwe."

Alisema hivyo macho makavu, lakini maganda aliyamenya manene siku ile, nusu ya viazi ikaenda nayo.

Jumamosi ya sita, mwisho wa Agosti, baridi bado ipo, mlango uligongwa saa moja na nusu. Nilifungua. Mama Ketsia alikuwa kizingitini na ndoo ya chuma, mpya, mfuniko umebana, na kitenge amejifunga imara kama mtu anayekwenda shamba. Nyuma yake barabarani hakukuwa na mtu. Amebeba moto wake mwenyewe.

"Voisine, nichungie moto," alisema. "Nimeweka taa mu tuyau, nimepima na sarafu. Haijafika, lakini inakaribia. Papa Ketsia anasema mwaka. Miye nimesema leo."

Léonie alikuwa ameshafika kwangu, kama kila Jumamosi. Alisimama, kisu mkononi, asijue pa kukiweka.

"Na kiongozi wa maombi?" nilimuuliza Mama Ketsia. "Anajua uko hapa?"

"Anajua. Anashika ngazi kule nyumbani, amekasirika, lakini anashika." Akamgeukia Léonie. "Maombi ni saa ine. Tutaomba ndani ama nje, vile weye utasema. Kiti chako nimekirudisha miye mwenyewe, pale karibu na jiko."

Léonie alifuta uso kwa mgongo wa mkono, akavuta kamasi, akatafuta brashi zake pembeni ya mlango. Alipozipata, sauti yake ikarudi yote.

"Karibu namna gani?" akauliza. "Mita moja, Mama Ketsia. Kiti kikae mita moja."