Kwanza Ulimi, Karatasi Baadaye

Majirani walimwita Mama Ulimi, na mgeni aliyelisikia jina hilo kwa mara ya kwanza alidhani ni mbeya. Hakuwa mbeya. Umbeya unataka mtu mwenye nafasi, na yeye Jumamosi zake zote zilikuwa zimejaa. Kuanzia saa nne asubuhi watu walibisha mlangoni na mifuko yao: huyu na kopo la nyanya, yule na pakiti ya majani ya chai, mwingine na sabuni ya kuoshea vyombo, na wote swali lao lilikuwa moja.

"Mama, hii ya duka inafaa, au nirudi kwenye ile ya siku zote?"

"Za duka" ndivyo mtaa mzima ulivyoziita bidhaa zenye jina la supamaketi yenyewe, zile za karatasi nyeupe na maandishi meusi, zinazopangwa rafu ya chini kabisa ili mteja ainame na kiuno kimuulize kama kweli ana haja nazo. "Za jina" zilikaa juu, usawa wa macho, na picha za familia zinazocheka kana kwamba wamerithi nyumba. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na Mama Ulimi aliipenda methali hiyo, ila aliongeza kwamba wahenga hawakuwahi kusukuma kitoroli. Rafu ya chini kuna vyema na kuna takataka, na kwa nje vyote vimevaa nguo moja.

Yeye alijua, maana aliwahi kuvivalisha. Miaka thelathini na sita alifanya kazi kwenye kiwanda cha kufungasha vyakula. Aliingia akiwa na miaka kumi na tisa, wakamweka kwenye mashine ya kubandika karatasi za majina, na wiki ya kwanza tu akaona jambo lililomfanya asilale: saa nne mashine ilisimamishwa dakika tano, msimamizi akabadilisha roli la karatasi, kisha nyanya zilezile, za pipa lilelile, zikaendelea kushuka zikiitwa jina jingine. Alimuuliza msimamizi kama si wizi. Msimamizi akamjibu kwamba wizi ni yeye kusimama bila kazi wakati mashine inakwenda.

Baada ya miaka sita wakamhamishia chumba cha kuonjea. Kilikuwa na meza moja, vikombe vyeupe, beseni la kutemea, na sheria moja iliyobandikwa ukutani: KWANZA ULIMI, KARATASI BAADAYE. Mwonjaji hakuruhusiwa kujua anaonja cha nani kabla hajasema neno. Jicho likishasoma, ulimi nao husema kile jicho lilichosoma. Msimamizi yule alikuwa mkali wa sheria hiyo kuliko sheria ya kuchelewa kazini, na siku mwonjaji mmoja alipochungulia chini ya kopo, alirudishwa kubandika karatasi mchana uleule.

Alipostaafu, Mama Ulimi aliihamishia sheria hiyo kwenye meza yake ya jikoni. Alikuwa na vikombe viwili, kimoja kimepakwa nukta ya rangi ya kucha kwenye kitako, cha kutiwa ya duka. Mwenye bidhaa alimimina, yeye akiwa ameipa mgongo meza, kisha akageuka, akanusa, akaonja, akasema. Hukumu zake zilikuwa fupi. Chumvi nunua ya duka, chumvi haina ukoo. Sukari vilevile. Nyanya za kopo chukua bila kuuliza. Majani ya chai ya duka yanatoa rangi lakini hayatoi chai, acha. Sabuni ya vyombo imejaa maji, utamimina mara mbili, kwa hiyo ulichonunua ni maji. Mifuko ya taka ya duka inapasuka ukifika ngazini, mbele za watu. Karatasi za chooni aliinua mkono tu, na watu wakaelewa.

Tuseme ukweli, alijivuna. Mumewe alikuwa ameshatangulia, pensheni ilikuwa kidogo, magoti yalikuwa yameanza kugoma, lakini mtaani hapo hakuna aliyenunua hata biskuti bila kumtaja. Heshima ile ndiyo iliyomwamsha asubuhi.

Kisha akaugua homa ya mafua. Ilimlaza siku tisa, ikaondoka, na ilipoondoka ikaenda na pua yake.

Mwanzoni alidhani ni makamasi. Wiki ya tatu sufuria ya maharage ikaungua yeye akiwa amekaa hatua tatu kutoka jikoni, akishona kifungo, hadi fundi cherehani wa nyumba ya pili akaja mbio akipiga kelele. "Usingizi ulinipitia," Mama Ulimi akamwambia. Chumvi aliisikia, sukari aliisikia, ndimu na uchungu pia. Lakini kile kinachofanya chai iwe chai na karanga iwe karanga kilikuwa kimekatika kabisa. Kahawa ilikuwa maji machungu ya moto. Sabuni ya kuogea na mkate vilikuwa kitu kimoja puani.

Hakumwambia mtu. Mwonjaji asiyesikia harufu ataitwaje? Akaanza kuwafanya wageni waweke pakiti mezani, akaipindua kana kwamba anatafuta tarehe, akasoma ile namba ndogo ya kiwanda inayochapwa chini. Namba za viwanda alizijua kwa moyo. Baada ya hapo alionja kwa madoido, akafumba macho, akatoa hukumu aliyokwisha kuisoma. Karatasi ikawa kwanza, ulimi ukawa mapambo. Na kwa kuwa mara nyingi namba zilimwambia kweli, miezi minane ilipita salama.

Alikuwa na binti mmoja, mwokaji wa keki, aliyeishi mitaa miwili kutoka hapo na kuoka kwenye jiko la nyumba yake. Keki zake zilikuwa nzuri na wateja wake walikuwa wachache, mpaka siku meneja wa ofisi moja ya bima alipompigia simu: walitaka keki sitini kila Jumatatu na Alhamisi, za chai ya wafanyakazi. Alete za majaribio Ijumaa. Binti alilia kwa furaha, kisha akaanza kuwaza siagi, maana kwa keki nyingi hivyo ile ya jina ingemfilisi. Jumatano akaja kwa mama yake na kopo la siagi ya duka.

"Mama, nisaidie. Nikikosea siagi, nimekosea kila kitu."

Mama Ulimi alilipindua kopo. Chini palikuwa na namba kumi na nne. Kiwanda chake! Moyo ukamtulia kama mtu aliyekutana na ndugu stendi ya ugenini. Akafungua, akachota kwa ncha ya kijiko, akafumba macho. Ulimi ulimwambia mafuta na chumvi kidogo, basi.

"Chukua, mwanangu. Ni ileile ya jina, mkono uleule."

Binti aliinamisha pua juu ya kopo.

"Mama, mbona kama ina harufu ya sabuni?"

Hapo ndipo angeweza kusema. Tusimtetee. Alikuwa na nafasi, mlango umefungwa, na aliyekuwa mbele yake ni mtoto wake mwenyewe.

"Ni mikono yako," akasema. "Si umetoka kuosha vyombo?"

Ni kweli alikuwa ametoka kuosha vyombo. Binti alinusa vidole vyake, akacheka kwa aibu, akafunga kopo. Miaka yote ya maisha yake hakuwahi kuona ulimi ule ukikosea, kwa hiyo akaikana pua yake.

Ijumaa saa sita mchana alirudi kwa mama yake na boksi limejaa. Alilitua mezani, akakaa bila kuvua viatu.

"Meneja alimega moja," akasema. "Akatafuna mara mbili, akaitema kwenye karatasi. Akaniuliza, 'Dada, hizi keki umezioka au umezifua?' Ofisi nzima ikacheka, Mama. Mpaka mlinzi."

Mama Ulimi alichukua keki, akaiuma. Ilikuwa tamu, laini. Kwake haikuwa na kosa lolote.

"Mimi pua sina," binti akaendelea. "Nilichanganya mwenyewe, nikaoka mwenyewe, nyumba nzima ikanuka sabuni, nikajiambia ni mawazo yangu. Mtu asiyejua pua yake inamwambia nini hana biashara na keki. Kuna dada pale jirani anatafuta oveni. Kesho namuuzia, narudi kutafuta kazi ya kufagia."

"Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi," mama akasema, maana methali ndiyo kitu cha kwanza kinachomjia mtu mwenye hatia.

"Koleo ni mimi, Mama. Mimi ndiye niliyevunjika."

Mama Ulimi aliona wazi kwamba akinyamaza, jina lake litabaki na mwanawe ataondoka na kosa lisilo lake. Hakuna ambaye angejua. Akainuka, akavuta droo, akatoa chupa ya vanila na kipande cha sabuni ya kufulia. Akavua kitambaa chake cha kichwani, akampa binti.

"Nifunge macho."

"Mama, sina hamu ya michezo."

"Nifunge. Halafu nipe nivinuse, kimoja kimoja. Usiniambie kipi ni kipi."

Binti alifunga kwa kuchoka. Akamsogezea puani cha kwanza. Mama Ulimi alivuta pumzi ndefu, akaishusha, akavuta tena.

"Vanila," akasema.

Ilikuwa sabuni. Binti alidhani anataniwa, akasogeza cha pili, akaambiwa ni sabuni. Akarudia, safari hii sabuni mara mbili mfululizo, na mama akabahatisha vanila, sabuni. Binti akamfungua kitambaa, na macho ya mama yake yalikuwa yamelowa.

"Tangu lini?"

"Tangu ile homa."

"Miezi minane, Mama!"

"Miezi minane."

"Nilikuambia inanuka sabuni."

"Uliniambia."

"Ukaniambia ni mikono yangu."

"Nilikuambia hivyo. Nilisoma namba chini ya kopo, nikaona ni kiwanda chetu. Sikusikia kitu, mwanangu. Niliona haya kusema."

Binti alikasirika, na alikuwa na haki. Alizunguka jikoni akiongea na ukuta, akasema maneno ambayo siku nyingine asingeyasema mbele ya mzazi. Wanasema mficha maradhi kifo humuumbua. Mama Ulimi alikuwa ameumbuliwa na keki, nazo zilikuwa zimeumbua wawili. Binti alipochoka, alikaa, na mama akamweleza ambalo kila mfanyakazi wa kiwandani anafundishwa siku ya kwanza: mafuta na sabuni havilali chumba kimoja, maana mafuta hunywa harufu ya jirani yake. Siagi ilitoka kiwandani salama. Ililala stoo ya supamaketi imepakana na sabuni.

"Pua yako ilisema kweli tangu Jumatano," akamaliza. "Mwongo nilikuwa mimi."

Jumamosi saa nne watu walikuja na mifuko yao kama kawaida. Mama Ulimi aliwasimamisha mlangoni, akasema yote, bila kupunguza. Wa kwanza kupata sauti alikuwa fundi cherehani.

"Kwa hiyo ile dawa ya meno uliyosema ina mnanaa safi?"

"Namba tu."

"Ndiyo maana! Wiki tatu nasugua chaki, nikadhani ni meno yangu yamezeeka!"

Akacheka mpaka akashika ukuta. Si wote waliocheka. Mzee mmoja aliyeacha chai aliyoipenda kwa hukumu ya mwezi uliopita alichukua mfuko wake, akaondoka bila kuaga, na wengine wawili wakamfuata. Mama Ulimi aliwatazama wakikunja kona. Ilimuuma, na ilimuuma zaidi kwa sababu hawakumwonea.

Jumatatu alipanda ngazi za ghorofa nne, magoti na yote, akasimama na binti yake mbele ya meneja wa bima.

"Kosa la siagi ni langu," akasema. "Yeye alisikia harufu, mimi nikamkatalia."

Meneja alimwangalia, akamwangalia binti, akasema leteni tena Alhamisi, lakini zikinuka sabuni tena atazipeleka kampuni ya kufulia nguo.

Oveni haikuuzwa. Binti alikwenda supamaketi nyingine, akamwomba muuzaji amfungulie kopo analolilipia hapohapo, akanusa akiwa amesimama kati ya rafu, watu wakimpita. Alinunua ya duka tena. Alisema inafaa.

Alhamisi saa kumi na mbili asubuhi mama yake alikuwa jikoni kwake, amekaa kwenye kigoda, akipanga keki kwenye boksi. Binti alitoa trei ya mwisho, akachukua keki moja kwa kitambaa, na kwa mazoea ya miaka yote akaisogeza puani kwa mama yake.

"Mama, inanukiaje?"

Wote wawili wakabaki hivyo. Mvuke ulimgusa Mama Ulimi usoni, na hakusikia kitu. Kopo tupu la siagi lilikuwa mezani, karibu na mkono wake. Hakulipindua.

"Niambie wewe," akasema.

Binti aliirudisha keki kwenye pua yake mwenyewe, akavuta taratibu.

"Vanila. Na ganda la limau, kwa mbali."

"Na sabuni?"

"Sabuni hakuna, Mama."

Mama Ulimi akaipokea, akaiweka kwenye boksi pamoja na zile nyingine.

"Basi, peleka," akasema.