Samaki Aliyelia Mkononi mwa Koko

Nilipokuwa mtoto, kila likizo ya Pasaka tuliteremka kutoka Bukavu hadi Luvungi, kwa bibi yangu mzaa mama. Sote tulimwita Koko. Alikuwa mjane mfupi mwenye mikono mikubwa, na usiku alivua samaki kwa mkuki. Kijijini watu walisema hiyo ni kazi ya wanaume, lakini samaki wake walinunuliwa kwanza.

Mwaka niliotimiza miaka tisa alinikabidhi tochi. Tuliingia mtoni pamoja na Tonton Safari, mdogo wake mama, maji yakinifika magotini, tukavuka hadi kwenye kisiwa cha mchanga katikati. Mimi namulika, samaki anaduwaa kwenye mwanga, mkuki wa Koko unashuka. Kikapu chake kilikuwa kimejaa nusu alipomchoma mmoja mwenye ndevu na miiba ubavuni. Alipomshika, samaki akalia, kwee, kwee, kama mlango uliokosa mafuta.

"Inatosha," Koko akasema. "Samaki akilia mu mukono, mayi haitutaki tena. Tutoke."

Tonton akacheka. "Maman, ile samaki inaliaka kila siku. Ni miba yake inakwaruzana. Leo samaki iko mingi, tubakie kidogo."

"Safari, toka mu mayi."

"Mutangulie. Niko nakuya."

Koko hakubishana. Alinishika mkono tukavuka. Tulikuwa tumekanyaga ukingo tu niliposikia ngurumo kama ya lori zito linaloshuka mlima. Kwetu palikuwa pakavu, kumbe mvua ilikuwa imenyesha huko juu. Nilipogeuza tochi, maji yalikuwa yamemfika Tonton kiunoni, kisha kifuani.

"Mulika yeye! Usitikisike!" Koko akaniambia. Akaingia tena, mkono mmoja umeshika matete, mwingine ukimnyooshea Tonton mpini wa mkuki. "Kamata!" Mara mbili Tonton aliukosa. Ya tatu akakamata, Koko akamvuta kama mtu anayeng'oa muhogo.

Nyumbani aliwasha moto, akapika samaki kwa nyanya, mawese na pilipili, akasonga bugali. Yule aliyelia alimweka kwenye sahani ya Tonton. "Kula. Ni yeye alikuita utoke." Tonton akamla wote, akabakiza miiba.

Leo nafundisha biolojia mjini Bukavu, na ninawaeleza wanafunzi wangu kwamba samaki yule hulia kwa kukwaruza miiba yake. Tonton alisema kweli. Miaka mingi baadaye nilimwuliza Koko kama labda alikuwa ameusikia mto kabla yetu. "Sijue, mutoto wangu," akajibu. "Samaki akilia, mama yangu alikuwa anatoka, na mimi nikatoka."

Jibu hilo linanitosha. Aliyeishi kando ya mto akisema tutoke, mimi natoka kwanza, maswali baadaye. Tonton sasa ana wajukuu, na kila tukikutana anabisha kwamba samaki hakujua kitu. Namwacha abishe. Ni furaha yangu kwamba yupo, anabisha.